Mita 60 za ufukwe: nani hasa analinda maji ya ziwa Bukoba na Muleba?

Mvua kubwa ikinyesha usiku mjini Bukoba, asubuhi yake pita kwenye daraja la Mto Kanoni uangalie chini. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Yamebeba chupa za plastiki, maganda ya ndizi, kandambili moja isiyo na mwenzake, na udongo mwingi kuliko hivyo vyote. Kutoka hapo si mbali, mto unamwaga kila kitu katika Ziwa Victoria, ziwa lile lile ambalo mji unalitegemea kwa maji ya bomba.

Ukishuka Muleba, kwenye mialo ya bara na visiwa vya Bumbire, Goziba, Ikuza na Mazinga, safari ya maji ni fupi zaidi. Familia nyingi huchota ndoo ziwani na kuipeleka jikoni moja kwa moja. Hapo hapo ndipo mtumbwi unaoshwa, samaki wanaparuliwa, nguo zinafuliwa na watoto wanaoga.

Swali la maji haya hutufikia kwa namna mbili zinazopingana. Mvuvi anauliza: kwa nini sisi wa mwaloni tunaambiwa kila siku tusafishe, wakati uchafu unatoka mlimani na mjini? Mkulima wa mbogamboga bondeni naye anauliza: kwa nini nifukuzwe kwenye bustani yangu kwa ajili ya ziwa, wakati mvuvi anajisaidia ufukweni na hakuna anayemgusa? Wote wawili wana hoja. Tumeona tulieleze jambo lenyewe kwa kirefu, kwa sababu hewani dakika hazitoshi.

Ziwa pana, lakini si la kina

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tanzania ina karibu asilimia 51 yake, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Ukilitazama kutoka milima ya Bukoba unadhani halina mwisho. Lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na pale penye kina kikubwa kabisa ni kama mita 80. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya mita 1,400. Kwa hiyo Victoria ni kama sinia, na Tanganyika ni kama pipa. Uchafu kidogo kwenye sinia unaonekana mapema.

Maji mengi ya ziwa hili hayaletwi na mito, yanatoka mawinguni: mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Bukoba tunalijua hilo, mji wetu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Katika mito, mkubwa kuliko yote ni Kagera, unaokusanya maji ya Burundi na Rwanda, ukapita kwetu Missenyi, kisha ukaingia ziwani upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka. Mto Ngono, unaoanzia huku kwenye milima ya Muleba, nao humwaga maji yake Kagera. Na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile kule Jinja. Kinachoingia ziwani hakitoki haraka.

Sasa, uchafu upi ndio mbaya zaidi? Wengi wetu tukisikia neno hilo tunawaza chupa na mifuko. Hivyo vinachukiza, na serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 ilifanya vizuri. Lakini kinachoua maji ni rutuba. Ndiyo, rutuba ile ile tunayoitafuta shambani.

Udongo unaosombwa na mvua hubeba fosforasi. Kinyesi cha binadamu na cha mifugo kinayo, mbolea inayo. Ikifika ziwani hurutubisha mwani, vile vimea vidogo vya kijani vinavyofanya maji yaonekane kama yamemwagiwa rangi. Mwani ukiwa mwingi hufa na kuzama, na unapooza chini hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini. Maji ya chini yanabaki hayana hewa. Siku upepo mkali unapoyakoroga na kuyaleta juu, samaki hukosa pumzi. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walikutwa wakielea wamekufa upande wa Uganda na Kenya. Watu wakasema ni sumu. Wataalamu wa uvuvi wakaeleza kuwa ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba. Sangara huathirika mapema kwa sababu anahitaji hewa nyingi kuliko samaki wengine wengi.

Kuna njia nyingine ya rutuba kufika ziwani ambayo hatuisemi sana Kagera, labda kwa sababu inatugusa wenyewe. Ni moshi. Watafiti waliochunguza ziwa hili waligundua kuwa sehemu kubwa ya fosforasi huja kwa njia ya hewa, ikiwa vumbi na majivu yanayoteremshwa na mvua. Na sisi kila kiangazi tunachoma rweya ili nyasi mpya zichipue. Unapoona mlima unawaka usiku nyuma ya Kamachumu au Izigo, ujue baadhi ya majivu yale yataoga ziwani kabla yako.

Kwa upande mwingine, kibanja cha Kihaya kilichotunzwa vizuri ni mlinzi wa ziwa kuliko mabango mengi tunayoyaona barabarani. Migomba juu, kahawa katikati, maharage chini, nyasi zimetandazwa ardhi yote: tone la mvua halipati pa kupiga udongo. Tatizo ni mashamba mapya ya mihogo na mahindi yanayofunguliwa kwenye miteremko bila makingamaji wala matandazo. Mradi wa FAO uliojulikana kama Kagera TAMP, uliofanya kazi katika nchi nne za bonde la Kagera kuanzia mwaka 2010, ulitumia mashamba darasa kurudisha mambo haya haya: matuta ya kukinga maji, nyasi za kushika kingo, miti shambani. Mkulima hakufundishwa kulinda ziwa. Alifundishwa kubaki na udongo wake, na ziwa likanufaika. Tunadhani hiyo ndiyo njia ya kuzungumza na mkulima.

Kikundi cha mwaloni

Wazee wa Kihaya walimjua Mugasha kuwa ndiye mwenye ziwa na dhoruba zake, na hofu ile ilikuwa na kazi yake. Siku hizi kazi ya kuogopesha imeachiwa BMU, yaani vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, na Mugasha angewaonea huruma.

Vikundi hivi vilianza nchini mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria. Wakati ule kulikuwa na wavuvi waliokuwa wakitumia sumu ya kuulia wadudu kuvua samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hili kuingia katika masoko yake. Wachache walimwaga sumu, wengi wakakosa mnunuzi. Tangu hapo hoja ya kwamba mwalo ujilinde wenyewe haikuhitaji kuelezwa sana.

Kazi ya BMU kwa mujibu wa sheria na kanuni za uvuvi ni pamoja na kutunza orodha ya vyombo na wavuvi, kusaidia doria dhidi ya makokoro na nyavu za timba, kutoa taarifa kwa ofisa uvuvi, na kusimamia usafi wa mwalo. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu leo, na ndilo linalosahaulika mapema. Doria ina boti na picha za kuonyesha. Usafi wa mwalo una ufagio, choo na ugomvi.

Wanachama wa kikundi hawana mshahara. Mwenyekiti wa BMU naye ni mvuvi au mchuuzi. Anayepaswa kumkemea ni shemeji yake, au mwenye mtumbwi anaofanyia kazi. Baadhi ya vikundi vimewahi kupewa kazi ya kukusanya ushuru wa halmashauri na kubaki na asilimia fulani kwa ajili ya mafuta na shajala. Palipokuwa na utaratibu huo na hesabu zikasomwa mbele ya watu, kikundi kilikuwa na nguvu. Palipokosekana kimoja kati ya hayo mawili, kikundi kililala. Hatuoni jinsi kikundi kitakavyolinda maji kwa moyo tu mwaka hadi mwaka. Samaki wanaotoka mwaloni wanalipiwa ushuru. Ni haki sehemu yake inayojulikana, iliyoandikwa, irudi pale pale ikajenge choo na kulipa anayekisafisha.

Mfano wa kazi iliyofanikiwa upo. Gugu maji lilipovamia ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mto Kagera ukiwa mmoja wa milango yake, mitumbwi ilikwama na mialo ikafungwa. Watu waling'oa kwa mikono, na vituo vikaanzishwa vya kuzalisha mbawakavu, wadudu wadogo wanaokula gugu hilo, ambao walimwagwa ziwani. Mwishoni mwa muongo ule gugu lilikuwa limepungua sana. Ilifaa kwa sababu mbili zilikwenda pamoja: kulikuwa na kitaalamu cha kutegemea, na mwanajamii aliona matokeo kwa macho yake. Lakini gugu halikwisha, na halitakwisha maadamu maji yana rutuba ya kulilisha. Mwaka 2025 tulisikia habari za gugu jingine jipya kule Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza, likisumbua vyombo. Rutuba ni ile ile, mlaji ndiye amebadilika.

Mita 60 zinasemaje?

Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa, kwa hiyo tusome taratibu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au kingo za mto, shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo. Waziri anaweza kutoa mwongozo wa shughuli gani zifanyike na kwa namna gani.

Angalia maneno yenyewe. Sheria haisemi mtu asikanyage. Kuchota maji, kupitisha mtumbwi, kukata mafunjo kiasi kwa ajili ya mikeka si sawa na kujenga nyumba au kulima hadi kwenye tope la mto. Lakini bustani ya nyanya inayopigwa dawa kila wiki pembeni mwa maji haina utetezi. Na mikaratusi iliyopandwa kwenye bonde oevu, ambayo wenye nayo huiita "kupanda miti", inaondoa mafunjo yaliyokuwa yakichuja udongo bure.

Tatizo ni namna sheria inavyofika kijijini. Mara nyingi inafika kama amri ya siku moja, wakati mazao yako shambani. Mzee anasimama kwenye bustani yake, kijana wa kamati ya mazingira anamwambia, "Tata, hapa ni ndani ya mita 60." Mzee anajibu, "Waitu, nililima hapa kabla hujazaliwa, na ziwa ndilo limenifuata mimi."

Na kwa kweli ziwa limewafuata wengi. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kufikia kimo ambacho hakijawahi kupimwa, mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja. Mei 2024 yakavuka hapo, mita 13.66. Nyumba zilizokuwa nje ya mita 60 zikajikuta ndani, vyoo vya mialo vikafunikwa na maji, na vilivyokuwamo vikaingia ziwani. Je, mita hizo zinapimwa kutoka mstari upi, wa mwaka 2019 au wa Mei 2024? Kijiji kisichokuwa na alama ardhini kitaligombania hilo kila mvua.

Jibu tunaloliona la busara ni kuweka mipaka inayoonekana na kuitungia sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kupendekeza sheria ndogo, wananchi wakaijadili katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya ikaithibitisha. Njia hiyo ni ndefu, lakini sheria ndogo iliyopita mkutanoni inasema mambo ambayo sheria ya Bunge haiwezi kuyasema: kwamba bonde fulani litavunwa majani kwa zamu, kwamba bustani zilizomo zitaondoka baada ya mavuno, kwamba alama ya mpaka itakuwa mti. Wahaya wamepanda mulamula kuonyesha mpaka wa vibanja tangu enzi za mababu, na kila mtu anajua kuung'oa ni kesi. Hatuoni kwa nini mpaka wa ziwa usipandwe hivyo hivyo, ukaheshimiwa kwa mazoea badala ya kwa bunduki. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 nayo inaruhusu jumuiya za watumia maji, ambazo zinaweza kuwakalisha pamoja mkulima wa juu na mvuvi wa chini kwenye mto mmoja. Hilo BMU haliwezi, kwa kuwa mamlaka yake yanaishia mwaloni.

Choo cha kisiwani

Kwa yule mvuvi anayejisaidia ufukweni, tusimlaumu kabla hatujatazama mahali anapoishi. Kambi ya uvuvi ni watu wengi kwenye ardhi ndogo. Pengine ni mwamba, shimo halichimbiki. Pengine ni mchanga, ukichimba kidogo unakuta maji, na choo cha shimo hapo ni sawa na bomba la kupeleka kinyesi ziwani. Wengi ni wapangaji wanaohama kufuata samaki na mwezi ujao watakuwa kisiwa kingine. Nani atajenga choo cha kudumu mahali asipokaa?

Matokeo yake yanajulikana kwenye zahanati: kuhara, kipindupindu kinapolipuka, na kichocho. Kichocho kina mzunguko wa kusikitisha kwa urahisi wake. Mkojo au kinyesi cha mgonjwa kikiingia majini, vijidudu hukua ndani ya konokono wadogo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga au kufua. Dawa inayogawiwa shuleni na vijijini inatibu, lakini mtoto anarudi majini jioni ile ile.

Kinachofaa kwenye mwamba na mchanga ni vyoo vilivyoinuliwa juu ya ardhi, vyenye shimo lililojengewa na kufungwa chini, vinavyoondolewa uchafu mara kwa mara. Ni ghali kuliko shimo la kawaida, na familia moja ya mvuvi haiwezi. Mwenye kambi na wamiliki wa mitumbwi, wakishirikiana na halmashauri, wanaweza. Mwenye mitumbwi mitano anaponunua injini mpya, choo cha vibarua wake si mzigo usiobebeka.

Na mji je?

Tumesema mengi kuhusu wanakijiji, kwa sababu ndio wanaopangwa kwenye vikundi na kamati. Lakini Mto Kanoni hauwezi kulindwa na kikundi cha kujitolea. Mjini Bukoba nyumba nyingi hutegemea vyoo vya shimo na makaro. Maeneo ya chini kama Kashai yakifurika, maji ya karo na maji ya mvua huwa kitu kimoja. Usafi wa Jumamosi unasaidia mitaro isizibe, nasi tunautangaza na tutaendelea kuutangaza. Ila ukusanyaji wa taka, gari la kunyonya karo kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, na mahali salama pa kumwaga linachokinyonya ni kazi ya mamlaka yenye bajeti. Mvuvi wa Muleba ana haki ya kuuliza kuhusu bajeti hiyo kama vile mji unavyomuuliza kuhusu kokoro lake.

Wakati hayo yanasubiriwa, kuna mambo mawili ya leo leo. La kwanza ni maji ya ndoo. Kuchemsha maji hadi yatokote kunaua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, endelea kuchemsha. Lakini maji yakiwa ya kijani mazito, yenye utando kama rangi iliyomwagika, usiyachote hata kwa kuyachemsha, kwa kuwa mwani wa namna hiyo unaweza kuwa na sumu ambayo moto hauiondoi. Sogea mahali pengine penye maji yasiyo na utando, na uwazuie watoto na mifugo kuyanywa.

La pili ni simu uliyoishika. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi 3, na malalamiko yanayosemwa pale kwa maneno matupu hupotea. Ukiona karo limefunguliwa kwenye mfereji, au mafunjo yamefyekwa na kuchomwa, piga picha, andika tarehe na jina la mahali, mpelekee mtendaji wa kijiji au wa mtaa, na ubaki na nakala. Mkutano ukifika, omba mambo mawili yaingie kwenye ajenda: taarifa ya BMU pamoja na mapato na matumizi yake, na mstari wa mita 60 kijijini kwenu upite wapi.